Mguu wa Kulia

Alfajiri ya tarehe 22 Agosti 1978, Mzee Jomo Kenyatta alifariki Mombasa. Muulize mtu yeyote wa rika la guka wangu alikuwa wapi siku hiyo, atakuambia hadi shati alilokuwa amevaa. Siku hiyohiyo, huko Untertürkheim, Stuttgart, Ujerumani Magharibi, Mercedes-Benz na Bosch walianza maonyesho ya siku nne. Walikuwa wanaonyesha gari linalofungwa breki kwa nguvu zote kwenye lami iliyolowa, na bado linamsikiza dereva anapokata usukani. Kitu hicho kiliitwa ABS. Kabla ya mwaka kuisha ungeweza kukinunua kwenye S-Class, ukilipia zaidi.

Sisemi mambo haya mawili yana undugu. Nayaweka pamoja kwa sababu Kenya tayari ilikuwa na jina la watu ambao wangekinunua: Wabenzi. Sijui kama kuna nchi nyingine iliyowapa matajiri wake jina la kabila kutokana na gari. Kwa hivyo ukiniuliza ABS iliingia nchi hii kwa mlango gani, nitakuonyesha ule wa nyuma kushoto, ambao dereva humfungulia mheshimiwa.

Huku Thika wakati huo tulikuwa tunajenga magari yetu. Leyland Kenya iliundwa 1974, ushirika wa serikali na British Leyland ya Uingereza, na 1976 magari yakaanza kutoka hapa Eneo la Viwanda. Mwaka 1989 jina likabadilika kuwa Kenya Vehicle Manufacturers, KVM, ambalo bado liko. Moja ya magari yaliyounganishwa hapo ni Land Rover. Land Rover za wakati huo, Series III, zilikuwa na breki za dramu kwa magurudumu yote manne, hakuna diski hata moja. Yaani mheshimiwa kule nyuma ya Benzi angeweza kuwa na kompyuta inayomlinda, na chifu, mwalimu mkuu na afisa wa kilimo wakabaki na dramu, mafuta ya breki, na mguu wao wa kulia.

Mguu huo nataka tuuongelee, kwa sababu historia ya ABS ni historia ya watu kutouamini.

Guka aliendesha lori la mawe ya Ndarugu miaka mingi. Hana haja na neno fizikia lakini anajua kitu ambacho mimi nilikisoma darasani kabla sijaacha uhandisi mwaka wa pili (karo na mimi tulikosana, hadithi ndefu). Anasema breki si swichi. Ukikanyaga mpaka mwisho, magurudumu yanashika, gari linakuwa sanduku, na sanduku halina usukani. Kwa hivyo unapampu. Unakanyaga, unaachia, unakanyaga, unaachia. Kila ukiachia, magurudumu yanazunguka kidogo na unapata nafasi ya kukata kona. Madereva wa rika lake walifanya hivyo bila kufikiria, vile mama anavyopepeta mchele.

Darasani tuliambiwa sababu. Tairi hushika barabara vizuri zaidi likiwa bado linazunguka, ila polepole kidogo kuliko mwendo wa gari, tofauti ya kama asilimia 10 hadi 20. Hapo mpira unang'ang'ana na lami kabisa. Ukipita hapo, gurudumu linajifunga, mpira unaburutwa, na mshiko unapungua. Kubaya zaidi ni kwamba mshiko wa upande karibu wote unapotea. Gurudumu la mbele lililojifunga halina kushoto wala kulia. Unaweza kuzungusha usukani mpaka mikono ichoke, gari litaendelea kule lilikokuwa linaenda. Umewahi kukimbia na ndara kwa sakafu imepigwa deki, ukajaribu kukata kona mlangoni? Ni hiyo.

Basi mtu akafikiria: tupate kifaa cha kupampu badala ya mguu. Walioanza kukihitaji ni marubani. Ndege ikitua kwa mvua na magurudumu yakajifunga, matairi yanapasuka au ndege inapitiliza mwisho wa uwanja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Dunlop, Uingereza, ilitoa kifaa kilichoitwa Maxaret. Hakikuwa na umeme wa maana, hakikuwa na kompyuta. Ndani kulikuwa na kigurudumu kizito kilichozunguka pamoja na gurudumu la ndege. Gurudumu kubwa likipunguza mwendo ghafla, kile kizito kinaendelea kuzunguka kwa uzito wake, kinalipita, na kule kulipita kunafungua valvu inayoachia presha ya breki. Gurudumu likishika kasi tena, valvu inafungwa. Fundi yeyote wa jua kali hapa Thika angekifungua na kukielewa kabla ya chai ya saa nne.

Mwaka 1966 Waingereza waliweka Maxaret kwa gari la kununua, Jensen FF. Yalitengenezwa 320 pekee. Mwaka 1971 Chrysler wa Marekani wakauza Imperial yenye mfumo wa umeme kutoka kwa Bendix. Mercedes walikuwa wameonyesha wa kwao 1970, lakini vifaa vya elektroniki vya wakati huo vilikuwa vingi mno, karibu 1,000, na kila kimoja kilikuwa nafasi ya kuharibika. Kiliwachukua miaka minane. Bosch walipoingia na sakiti ndogo za kidijitali, idadi ikashuka hadi 140. Ndiyo ile ya Agosti 1978. Ukiangalia vizuri, wazo lilikuwa la zamani. Kilichosubiriwa kilikuwa kompyuta ndogo ya kutegemewa.

Na inavyofanya kazi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Karibu na kila gurudumu kuna pete yenye meno na sensa yenye sumaku. Meno yakipita, sensa inahesabu. Kompyuta inalinganisha hesabu za magurudumu manne. Unapokanyaga breki, gurudumu moja likianza kupungua mwendo kwa kasi ambayo gari lenyewe haliwezi kupungua, kompyuta inajua hilo linaelekea kujifunga. Inaamuru valvu: shikilia presha, isiongezeke. Ikiwa haitoshi: achia kidogo. Gurudumu likirudi kuzunguka: ongeza tena. Hivyo hivyo, mara kumi na zaidi kwa sekunde, kila gurudumu na lake. Guka kwa siku zake bora labda alipampu mara mbili au tatu kwa sekunde, na alikuwa na pedali moja kwa magurudumu yote. Hawezi kuachia la mbele kushoto likiwa kwenye tope na kulibana la kulia likiwa kwenye lami.

Ikifanya kazi unaijua. Pedali inatetemeka chini ya kiatu, unasikia mlio wa kukwaruza kama mtu anasaga mahindi chini ya boneti. Mlio huo ndio muziki wa ABS, na ndio unaotisha watu. Wengi wakiusikia mara ya kwanza wanadhani gari linavunjika, wanaondoa mguu. Nitarudi hapo.

Swali ni vile kitu hiki kilitoka kwa mlango wa mheshimiwa kikafika kwa anko wangu, ambaye anauza vipuri vya mashine za kushona. Jibu ni mtumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kenya ililegeza masharti ya kuingiza magari, na magari yaliyotumika Japani na Dubai yakamiminika Mombasa. Kwa Thika hiyo ilikuwa pigo. Nani atanunua gari jipya lililounganishwa Eneo la Viwanda wakati lile la Japani ni nusu bei na lina redio nzuri? KVM ilidhoofika kwa miaka mingi. Ilipofika Desemba 2016, Rais Uhuru Kenyatta alipokuja hapa kuzindua kuunganishwa kwa Volkswagen Polo Vivo, kuna vijana wa umri wangu waliokuwa hawajui kama Thika iliwahi kuunda gari. Siku hizi kuna mabasi ya umeme ya BasiGo yanaunganishwa pale, ukipita asubuhi unaweza kuyaona.

Lakini mtumba huohuo uliobana kiwanda chetu ndio uliotuletea ABS sisi wengine. Ilikuja ndani ya gari bila kuitwa. Hakuna mtu aliyenunua station wagon kwa sababu ya sensa za magurudumu, alinunua kwa sababu ya buti na mafuta. Sheria ya kiwango cha KS 1515 inasema gari la mtumba lisizidi miaka minane tangu lisajiliwe huko lilikotoka, kwa hivyo tunapokea teknolojia ya Wajapani ikiwa imechelewa miaka saba au minane hivi. Polepole, pasipo tangazo lolote, kompyuta iliyokuwa ya Wabenzi ikawa chini ya boneti ya teksi ya Makongeni.

Kisha tukapata barabara ya kuijaribu. Tarehe 9 Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki alifungua Thika Superhighway, kama kilomita 50 kutoka Nairobi mpaka hapa, leni hadi nane sehemu nyingine. Nilikuwa mtoto wa shule. Nakumbuka watu wa Ruiru wakisimama kwenye kingo wakitazama magari kama wanaotazama mto uliofurika, na kwa kweli ulikuwa mto. Barabara ilifunguliwa madaraja ya waenda kwa miguu yakiwa hayajakamilika kila mahali. Watu walivuka kwa kukimbia, wengi wakagongwa.

Sasa piga hesabu nami, ni ya kidato cha nne. Gari kwa kilomita 100 kwa saa linakwenda karibu mita 28 kila sekunde. Unaona mtu ameruka ukingo pale Witeithie. Mpaka ubongo uambie mguu, sekunde moja imeisha, mita 28 zimeisha, na bado hujagusa breki. Ukiwa na matairi mazuri na lami kavu, utahitaji kama mita 50 zaidi kusimama. Lami ikilowa na matairi yakiwa yameanza kuisha, fanya karibu mita 100, ambayo ni uwanja mzima wa mpira. Na ukitoka kilomita 50 kwa saa kwenda 100, umbali wa breki hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne.

ABS haigusi hesabu hii. Watu wengi wanadhani ABS ni breki kali. Hapana. Mshiko unatoka kwa mpira na lami, na ABS inatumia ulio pale tu. Tairi likiwa kipara, ABS inasimamia kipara. Maji yakiwa mengi hadi tairi linaelea, sensa zitahesabu, valvu zitacheza, pedali itatetemeka, na gari litaendelea. Kwenye lami iliyolowa mara nyingi unasimama mapema kidogo kuliko magurudumu yakijifunga. Lakini zawadi yake hasa ni usukani. Ukiwa umekanyaga hadi sakafuni, bado unaweza kumkwepa yule mtu.

Ukijua kwamba unaweza. Na hapa ndipo mguu unarudi.

Nilisomea kuendesha kwa shule moja ya udereva mjini hapa. Nusu ya masomo yalikuwa kwenye ule ubao wa mji wa kuigiza, unasukuma kigari cha plastiki ukisema, "Naangalia kulia, naangalia kushoto." Siku ya breki mwalimu alituambia kile guka alichoniambia: barabara ikiteleza, pampu. Gari tulilofundishiwa lilikuwa na ABS. Taa yake iliwaka dashibodi kila tukiwasha, ikazima, na hakuna siku ilitajwa. Sasa ukipampu gari lenye ABS unaivuruga. Kila ukiondoa mguu umeondoa presha ambayo kompyuta ilikuwa inaigawa, na unazidisha umbali wa kusimama. Gari lenye ABS linataka kitu kimoja kutoka kwako: kanyaga kwa nguvu, usiachie, elekeza usukani unakotaka kwenda. Guka hakukosea, alikuwa sahihi kwa lori lake. Ujuzi wake ulitufikia mzima, gari ndilo lililobadilika katikati.

Anko aliyajua haya, mimi mwenyewe nilimweleza tukiwa kwa kibanda cha chai. Alinunua station wagon yake kwa yadi moja mwaka ule, safi, kilomita zinazosomeka vizuri. Akiwasha, taa zote za dashibodi zinawaka, ABS ikiwemo, kisha zinazima. Kila kitu sawa.

Mwezi wa Aprili, mvua ndefu, saa moja jioni, alikuwa anatoka Ruiru kurudi Thika. Lori mbele yake lilipunguza mwendo ghafla. Leni ya kulia ilikuwa tupu, alituambia hilo mara nyingi sana hospitalini. Alikanyaga breki hadi sakafuni kama nilivyomwambia, akakata usukani kulia kama nilivyomwambia. Pedali haikutetemeka. Hakukuwa na mlio. Gari likaenda moja kwa moja kama sanduku la guka, likaingia chini ya tela. Mguu wake wa kulia ulivunjika mahali pawili, na mpaka leo anatembea akiutangulizia mkongojo kwenye ngazi.

Fundi aliyefungua dashibodi baadaye alituita tuone. Waya wa taa ya ABS ulikuwa umekatwa na kusokotwa na waya wa taa ya presha ya oili. Kazi safi, imefungwa na tepu nyeusi. Sensa ya gurudumu la mbele kushoto ilikuwa imekufa zamani, na mtu, sijui Mombasa, sijui Nairobi, sijui wapi, aliamua kwamba rahisi kuliko kununua sensa ni kuifundisha taa kudanganya. Ukiwasha, taa ya oili inawaka na ya ABS inawaka nayo. Injini ikishika, zinazima pamoja. Mnunuzi anaona kile alichoambiwa aone.

Fundi hakushangaa hata kidogo. Alisema huu ni mtindo wa kawaida. Wengine wanachomoa balbu. Wengine wanabandika kipande cha tepu juu ya taa, hao ndio waaminifu, alisema, akacheka.

Kuna njia ya kuutambua ujanja huu, na sioni kwa nini isijulikane. Geuza ufunguo mpaka taa ziwake, lakini usiwashe injini. Subiri. Kwenye magari mengi taa ya ABS inajipima yenyewe na kuzima baada ya sekunde chache, wakati taa ya oili na ya betri zinabaki zimewaka kwa sababu injini haijashika. Kama ABS inabaki pia, na inazima tu sekunde ile oili inazima, kuna haja ya kuuliza maswali. Kama haiwaki kabisa, uliza zaidi. Halafu tafuta mahali pasipo watu wala magari, pamelowa au pana changarawe, nenda kilomita 30 kwa saa, kanyaga breki kama unaua nyoka. Mguu utakuambia.

Je, ABS ingemwokoa anko? Lori lilikuwa karibu sana na mvua ilikuwa kubwa. Kusimama, sidhani. Kupita kulia, labda. Nimejaribu kutopita neno hilo, labda, kwa sababu takwimu za dunia nzima zinalirudia.

Watafiti wawili, Aschenbrenner na Biehl, walifuatilia teksi za Munich, Ujerumani, kwa miaka mitatu katika miaka ya 1980. Kampuni moja, teksi za aina moja, zingine zina ABS zingine hazina. Ungetarajia zenye ABS zigonge mara chache. Ajali zilikaribiana. Watu waliopandishwa kimyakimya kutazama waliona kwamba madereva wenye ABS walifunga breki kwa ukali zaidi, walikata kona kwa ukali zaidi. Usalama waliopewa waliutumia kama salio, wakaununulia mwendo. Yeyote aliyepanda nganya ya Thika saa kumi na mbili asubuhi anawaelewa Wajerumani hao bila mkalimani.

Marekani, shirika la serikali la usalama barabarani, NHTSA, lilitoa ripoti ya Charles Kahane mwaka 2009 baada ya miaka mingi ya takwimu. ABS ilipunguza ajali zisizoua kwa asilimia 6 kwa magari madogo. Ilipunguza ajali za kuua watembea kwa miguu kwa asilimia 13, na ningependa asilimia hiyo isomwe pale Witeithie. Lakini jumla ya ajali za kuua ilibaki karibu palepale, kwa sababu aina nyingine iliongezeka: magari yanayotoka barabarani yenyewe, asilimia 9 zaidi. Maelezo moja yanayotajwa ni ya kushangaza kidogo. Dereva mwenye hofu huzungusha usukani kupita kiasi. Zamani magurudumu yaliyojifunga yalimpuuza. ABS inamtii, na inampeleka mtaroni. Ndiyo maana baadaye walitengeneza udhibiti wa mwelekeo, ESC, ulioanza kwenye S-Class tena, 1995, unaotumia sensa na valvu zilezile kufunga breki gurudumu mojamoja gari linapoanza kuyumba. Marekani iliufanya lazima kwa magari mapya kuanzia modeli za 2012. Na kumbuka, sensa ya ABS ikifa, ESC inakufa nayo. Aliyesokota ule waya alizima vitu viwili.

Pikipiki ni kisa kingine na kinaniudhi. BMW iliweka ABS kwa pikipiki 1988. India, zinakotoka boda nyingi tunazopanda hapa, tangu Aprili 2019 inataka ABS kwa kila pikipiki mpya inayozidi cc 125. Simama stendi yoyote ya Makongeni uhesabu. Utaona dramu, kama Land Rover ya 1976, na abiria wawili.

Nilipomrudia yule fundi na maneno yangu yote haya, alinisikiliza akipaka grisi, kisha akaniambia, "Kijana, hiyo ABS yako ni ya lami. Mimi nina wateja wa Kilimambogo." Na hapo, ni lazima nimpe haki yake, ana hoja. Kwenye murram au changarawe gurudumu lililojifunga huchimba, linarundika mawe mbele yake, na lile rundo linakuwa kama kabari inayosimamisha gari. ABS haiachi gurudumu lijifunge, kwa hivyo kabari haijengeki na unasafiri mbali zaidi kabla ya kusimama. Huo si uzushi wa gereji, wahandisi wanaukubali. Dereva anayeshuka mlima wa murram akaona gari lake linakataa kusimama huku pedali inamtekenya, akija kwa fundi aseme, "Toa kitu hii," simwoni mjinga.

"Lakini usukani?" nikamuuliza.

"Usukani unakaa," akasema. "Hilo ni kweli." Akafikiria kidogo. "Lakini mteja halipii usukani. Mteja analipia taa izime."

Aliniambia bei. Sensa ya mtumba, ukiipata ya modeli hiyo, elfu tatu na mia tano, na kazi juu. Kusokota waya, mia tano, dakika ishirini. Inspekta akiangalia dashibodi, haoni tofauti. Mnunuzi haoni tofauti. Gari likiwa linaenda vizuri, siku kavu, mwendo wa kawaida, hata dereva haoni tofauti, kwa sababu breki za kawaida zinafanya kazi kama siku zote. Tofauti yote imekaa ndani ya sekunde mbili za siku moja ambayo labda haitafika.

Gari la anko lilinyooshwa boneti, likapakwa rangi, likapata taa mpya ya mbele. Fundi alimuuliza kama aweke sensa na aurudishe ule waya mahali pake. Anko alikuwa ameketi kwenye tairi kuukuu, mguu umenyooshwa, bili ya hospitali iko kwa bahasha mfukoni. Akauliza elfu tatu na mia tano ni pamoja na kazi au bila. Bila, akaambiwa.

"Basi wacha hivyo," akasema.

Liliuzwa wiki iliyofuata, kwa kijana mmoja wa Ngoingwa aliyekuja na mchumba wake kuliangalia. Niliketi naye kiti cha mbele. Aligeuza ufunguo, taa zikawaka zote. Nikamwambia asiwashe injini bado, angoje kidogo. Anko alinitazama kupitia dirishani. Tukangoja, taa mbili zikiwa zimewaka pamoja, hadi kijana akaniuliza tunangoja nini, na nikamweleza.

Alimtazama mchumba wake. Akashuka, akaenda kuongea na anko bei, na wakaishia kupunguziana elfu tano.